Diwani kang'olewa meno

Kikundi: Majirani Ilazo

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Paka wetu Diwani amerudi jana kwa daktari wa mifugo, kang'olewa meno ya nyuma. Akitoroka akaja kwenu naomba msimpe mfupa wala dagaa wakavu. Hata akilia.

Baba Jose: Kumbe! Ndiyo maana kata imepoa 😂

Mwalimu Happy: Maskini. Yalioza?

Mama Neema: Si kuoza kama ya watoto wa pipi. Mwili wenyewe unalila jino, kuanzia pale linapokutana na ufizi. Halizibiki, linatolewa tu. Mimi nilikuwa naona udenda, mdomo unanuka, na akila anainamisha kichwa upande mmoja.

Bibi Sechelela: Mbukwenyi wanangu. Mpeni panadol nusu alale

Mama Neema: Shikamoo Bibi. Hapana jamani, panadol inaua paka! Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka kahawia. Hiyo nusu tu inaweza kummaliza. Brufen na diklofenaki nazo msiguse. Anatumia ya maumivu aliyopewa na daktari, basi.

Bibi Sechelela: Marahaba. Zamani paka alijitibu mwenyewe

Baba Jose: Zamani paka hakuwa diwani, Bibi

Rehema wa kona: Anakula lakini?

Mama Neema: Hapo ndipo roho ilipokuwa juu. Jana alikuwa bado anayumba na ile sindano ya usingizi, nikamlaza kwenye boksi chini, na kitenge, maana huu upepo wa mwezi wa 7 mnaujua. Leo asubuhi akanusa chakula akaondoka. Na paka akipitisha siku mbili tatu hajala, mafuta yanajaa kwenye ini, hasa akiwa mnene. Huyu wetu unene wake mnaujua, mnamlisha wote.

Baba Jose: Mimi simo

Mama Neema: Nikachemsha kuku, nikamsaga laini na maji yake, nikampa ya uvuguvugu ili harufu imfuate. Bila chumvi, na bila kitunguu cha aina yoyote, kinaharibu damu ya paka. Mchana alilamba. Saa hizi kamaliza kisahani.

Rehema wa kona: Nina maziwa ya Hombolo nilete?

Mama Neema: Asante mdogo wangu, yatamharisha. Niletee mimi 😀

Mwalimu Happy: Na damu kwenye mate?

Mama Neema: Kidogo siku ya kwanza si neno. Ikitiririka, au akijikuna mdomo na kugoma kula, tunarudi. Nyuzi zinayeyuka zenyewe.

Mwalimu Happy: Ila bila meno ataishije

Mama Neema: Paka mkubwa ana meno 30, na kwa kawaida hatafuni sana, anakata anameza. Hata waliong'olewa yote wanakula vizuri.

Baba Jose: Panya wa stoo yangu wasisikie

Rehema wa kona: Dada, wa kwangu naye ana udenda. Nimuangalieje?

Mama Neema: Akiwa ametulia, inua mdomo wa juu pembeni. Ufizi mwekundu sana, mpeleke. Ila mpigie daktari kwanza, asubuhi huwa vijijini kwa ng'ombe.

Rehema wa kona: Nimejaribu. Kaning'ata

Mama Neema: Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, sasa hivi. Amechanjwa kichaa?

Rehema wa kona: Mwaka jana

Mama Neema: Osha hivyohivyo dakika 15, halafu nenda zahanati wakakione. Paka tutampeleka pamoja kesho.