Hataza kwa fundi asiye na fedha: Brela peke yangu, kituo cha msaada wa kisheria, au chuo?

FundiMajengo (Moshi)
Ndugu zangu, ninaomba ushauri. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiunda, katika karakana yangu ndogo hapa Majengo, mashine ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu, ambayo ngoma yake nimeibadilisha ili mkulima wa kihamba (shamba dogo la nyumbani) asihitaji ndoo nyingi za maji. Kipato changu hakiniruhusu kumlipa wakili. Nimefikiria njia tatu: kuandika mwenyewe ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuige uvumbuzi wangu kwa muda fulani, na kulipeleka Brela, wakala wa serikali wa usajili; kwenda katika kituo cha msaada wa kisheria, au kujishikiza kwenye chuo au taasisi ya utafiti. Nimesoma pia kwamba Marekani wako mawakili wanaowaandikia wavumbuzi wenye kipato kidogo bila malipo. Ipi inamfaa mtu wa hali yangu? Mwezi Agosti ninatarajia kuipeleka mashine Nane Nane, pale Themi.

WakiliKaloleni (Arusha)
Kaka, safari ya Themi iahirishe mpaka ombi lako liwe limepokelewa. Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi (yaani usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelifikia kwa urahisi) na uweze kutumika katika uzalishaji. Ukishauonyesha hadharani unauweka upya wake hatarini, na ukipotea hakuna wakili, wa bure wala wa kulipwa, atakayeurudisha.

Mpango wa Marekani upo kweli. Ulianzia Minnesota mwaka 2011, nao huwaunganisha wavumbuzi wa huko na mawakili wanaojitolea. Katika maeneo mengi kipato cha mwombaji hakitakiwi kuzidi mara tatu ya kiwango cha umaskini cha serikali yao. Hata hivyo mvumbuzi hujilipia ada za ofisi ya hataza, kwa hiyo anachopewa bure ni kalamu ya wakili tu. Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, nalo lilizindua mpango wa namna hiyo mwaka 2016, baada ya majaribio katika Kolombia, Moroko na Ufilipino, lakini huhudumia wakazi wa nchi zilizojiunga. Usijenge matumaini yako juu ya mipango ya nchi za watu.

MamaKiboriloni (Moshi)
Mimi nilikwenda katika kituo kimoja cha msaada wa kisheria, ambacho sitakitaja, kwa ajili ya jiko langu la pumba za mbao. Walinipokea kwa heshima, ila baada ya kuzungushwa meza tatu niligundua kwamba kazi yao ya kila siku ni mirathi, ndoa na mipaka ya mashamba. Kuhusu hataza walinisomea sheria ileile niliyokuwa nimeisoma nyumbani. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Shemeji yangu ndiye aliyenunua chuma, na tulikuwa tumeanza kuvutana juu ya nani mwenye jiko. Kituo kilituandikia makubaliano ya kurasa mbili, kila mtu na fungu lake, pamoja na ahadi ya kutunza siri. Kwa hilo ninawashukuru mpaka leo.

MhandisiNjiro (Arusha)
Naungana na Mama. Nitaongeza juu ya taasisi, kwa sababu Arusha tumebahatika: tunazo TEMDO na CAMARTEC, taasisi za serikali za kubuni mashine na zana za kilimo, na kule Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako Askwar Hilonga alitengeneza kichujio cha maji kilichompatia tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Taasisi ina maabara, ina watu wanaosoma nyaraka za hataza, na jina lake hufungua milango. Lakini uliza mapema, tena kwa maandishi, nani atakuwa mmiliki. Ukipewa vifaa na mshahara, mara nyingi mkataba hutamka kwamba uvumbuzi ni wa mwajiri. Fundi anayeingia na wazo lake mkononi anaweza kutoka akiwa na jina lake kwenye orodha ya wavumbuzi na si kwenye hati ya umiliki.

Ugumu wenyewe, kaka, uko kwenye madai, yaani zile sentensi zinazotaja mpaka wa haki yako. Ukiandika «ngoma yenye vinundu vya milimita tano», jirani atapiga vya milimita sita na hutakuwa na la kumfanya. Ukiandika «ngoma yoyote yenye vinundu», umedai kitu ambacho mashine za kumenyea zimekuwa nacho tangu zamani, na ombi litakataliwa. Ni lazima useme kile ambacho ngoma yako inafanya na nyingine hazifanyi. Kabla hujaandika, tafuta mashine zinazofanana katika Espacenet na Patentscope, hazina mbili za hataza zisizo na malipo. Mimi nilitumia juma zima na nikakuta «uvumbuzi» wangu umeshaandikwa Brazil. Iliniuma, lakini niliokoa ada.

FundiMajengo (Moshi)
Kwa hiyo naruhusiwa kuandika mwenyewe?

WakiliKaloleni (Arusha)
Unaruhusiwa, anayelazimika kuwa na wakala ni mwombaji anayeishi nje ya nchi. Ushauri wangu ni kwamba maelezo na michoro uviandike wewe, kwa kuwa mashine unaijua kuliko sisi, kisha umwombe wakili akusaidie madai pekee. Saa chache za kazi ni rahisi kuziomba bure kuliko kesi nzima. Tazama pia cheti cha ubunifu mdogo kilichomo katika sheria yetu ya hataza, ambacho hakidai hatua ya kivumbuzi. Kwa ngoma iliyoboreshwa huenda kikakufaa zaidi.

Hataza hapa hudumu miaka 10 na huweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano kila mara, ila ada za kila mwaka hazina huruma. Haifiki Zanzibar, ambako kuna usajili wake. Ukitaka pia soko la kahawa la Kenya na Uganda, unayo miezi 12 tangu ombi la kwanza kupeleka ombi ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, ukidai tarehe ya ombi lile la kwanza.

FundiMajengo (Moshi)
Nimelifuta jina langu Nane Nane. Jumatatu nitamchukua binamu yangu, aliyenikopesha fedha za mashine ya kuchomelea, twende kituoni tuandikiane kwanza. Mhandisi, kama huna kinyongo, nionyeshe jinsi ya kutafuta hiyo ya Brazil.