Mjadala: Bangi iruhusiwe kuwa mmea wa mapambo Uganda?

Mtunza Bustani, Entebbe:
Naomba tulijadili hili bila matusi. Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, na kwa jicho la kazi bangi ni mmea mzuri: majani ya vidole saba yenye kingo za msumeno, shina lililonyooka, na kwa muda mfupi ukuta mbovu umefunikwa. Hungary walishazalisha aina fupi ya mapambo, Panorama. Sisemi ile ya kuvuta. Nasema hempu, aina ya bangi ambayo THC, kemikali inayolevya, haizidi asilimia 0.3, kiwango kinachotumika Marekani na Umoja wa Ulaya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, kifungu cha 28, hauhusu bangi inayolimwa kwa ajili ya viwanda au bustani pekee. Sasa kwa nini tuikataze hadi kwenye chungu? Kasese wapo wanaolima bangi ya dawa kwa leseni. Mwenye eka analindwa, mwenye chungu anapandishwa patroli!

Afande Mstaafu, Jinja:
Mdogo wangu, hiyo asilimia huioni kwa macho. Pua nayo haisaidii, maana hempu inanuka vilevile. Askari wa doria atajuaje? Jani litapelekwa maabara ya serikali Wandegeya, na wewe utasubiri majibu ukiwa selo. Halafu kumbuka Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria ya zamani ya dawa za kulevya kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Nafasi ya kulegeza ilikuwa hapo. Wabunge wakapitisha nyingine mwaka huohuo, bangi na mairungi vyote ndani. Hao ndio utawaambia habari za mapambo?

Mama Miche, Kampala:
Wanaume mnabishana sheria, soko hamlitazami. Mimi nauza miche kando ya barabara. Mteja anataka bogenvilia, krotoni, kitu atakachokikuta bado kimesimama baada ya miaka. Bangi ni ya msimu mmoja. Ikishazaa mbegu, imekwisha, nawe umebaki na vijiti.

Na kuna jambo zito zaidi. Kinachoifanya bangi ichanue ni usiku mrefu. Hapa ikweta giza hudumu kwa karibu saa kumi na mbili kila usiku, mwaka mzima. Hempu ya Ulaya iliyozoea mchana mrefu wa kiangazi, ukiipanda hapa itachanua ingali fupi, dume limwage chavua na kukauka. Huo ukuta mbovu hautafunikwa. Zinazorefuka vizuri kwetu ni za kienyeji, zilizozoea jua letu, na hizo ndizo anazozisaka Afande. Kwa hiyo ile halali haipambi, na ile inayopamba si halali. Mimi nitauza ipi?

Mtunza Bustani, Entebbe:
Mama, hoja yako ya mwanga ni ngumu kuliko ya Afande. Lakini si mwisho. Wataalamu wanaweza kuchanganya kimo cha kienyeji na THC ndogo. Bustani ya Mimea ya hapa Entebbe ipo tangu 1898. Wapewe kibali, tuta moja ndani ya uzio, tuone.

Kijana wa Boda, Arua:
Uzio gani, kaka? Mtaani hakuna anayesoma asilimia. Usiku wataibiwa majani, asubuhi mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anagonga mlango kuuliza nani aliwauzia.

Mama Miche, Kampala:
Anayelipenda jani lenyewe apande kenafu, jamaa ya haibiskasi. Majani yake yanashabihiana na ya bangi, na juu yake unapata ua la rangi ya krimu lenye kitovu chekundu cha kuiva. Hakuna sheria inayoigusa.

Afande Mstaafu, Jinja:
Hiyo sawa. Ila mwandikie mteja risiti, tena aiweke karibu na geti.