Maneno 30 kwa siku, na bado mazungumzo yananipita

Ndugu zangu,

Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi, barua za kiofisi naandika na magazeti nasoma bila taabu, lakini wenzangu kazini wakianza kupiga soga wakati wa mapumziko nabaki kutabasamu tu. Nimechukua orodha ya maneno 5,000 na kwa wiki tatu sasa nakariri maneno 30 kila siku, ila sioni badiliko lolote. Naomba mwenye uzoefu aniambie kama nizidishe idadi au nimepotea njia.

*

Dada yangu,

Pole, na hongera kwa bidii. Kwa hesabu yako umeshakariri maneno zaidi ya 600, na naamini mengi kati ya hayo hujayasikia kinywani mwa mtu hata mara moja, kwa hiyo kuzidisha idadi hakutakufaa. Mwaka 1930 mtaalamu wa lugha C. K. Ogden alipendekeza Kiingereza chepesi chenye maneno 850 tu. Mwaka 1953 mwalimu wa Kiingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 yanayohitajika zaidi. Na Sauti ya Amerika ilipoanza matangazo yake ya Kiingereza cha polepole mwaka 1959, ilitumia maneno yapatayo 1,500. Msomaji wa magazeti kama wewe anayo karibu yote hayo. Yanayokupita ni maneno madogo unayoyajua vizuri, pale yanapoungana na kugeuka maana.

Mimi mwenyewe, katika juma langu la kwanza kwenye ghala moja, nilimsikia msimamizi akipaza sauti: "We're running out of boxes!" Nilijua kwamba "run" ni kukimbia na "out" ni nje, basi nikaacha nilichoshika, nikatoka mbio hadi uani, nikasimama pale peke yangu nikiwasubiri wengine. Kumbe alikuwa anasema kwamba maboksi yanatuishia. Tangu siku hiyo nimeviheshimu vitenzi hivi vidogo: "put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, "turn up" ni kutokea mahali, na "call off" ni kufuta jambo lililokwisha kupangwa. Shuleni tulipewa "postpone" na "tolerate", ambayo ni maneno sahihi, lakini kwenye soga huyasikii mara nyingi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala kwa muda mrefu, na Kiingereza kikabaki na jozi nyingi za maneno, moja la jikoni na jingine la mahakamani: "begin" na "commence", "ask" na "inquire", "buy" na "purchase". Mitihani ilitushibisha yale ya mahakamani, ndiyo maana tukifungua kinywa tunasikika kama tangazo lililobandikwa ukutani.

Kwa hiyo nakushauri uiweke kando ile orodha, uchukue daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila siku uandike sentensi tatu tu ulizozisikia kwa masikio yako, zikiwa nzima kama zilivyosemwa, pamoja na nani alimwambia nani na katika hali gani. Ukiandika kwamba "mind" ni akili au kujali, hujapata kitu; ukiandika kwamba mtu aliyetaka kuketi karibu nawe alisema "Do you mind if I sit here?", umepata adabu, mpangilio wa maneno na jibu lake kwa pamoja. Tena jibu lenyewe ni mtego, kwa sababu anauliza kama utaona vibaya, na anayemkaribisha hujibu "No". Sisi tuliokulia katika Kiswahili tunaumia sana hapo. Ukiulizwa "Hujalipa?" na ni kweli hujalipa, unajibu "Ndiyo", ukimaanisha kwamba aliyeuliza amesema kweli; kwa Kiingereza anayejibu "Yes" ataeleweka kuwa amelipa. Nimewahi kubishana na karani mmoja kwa ajili ya neno hilo moja, kila mmoja wetu akiamini kwamba mwenzake ni mwongo. Dawa niliyoipata ni kuacha kujibu kwa neno moja: nikisema "No, I haven't paid yet", hakuna wa kunielewa vibaya.

Kurasa za mwisho za daftari hilo zitenge kwa maneno ya Kiswahili ambayo Kiingereza huyagawa vipande vipande. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha na tunapiga mswaki, lakini mwenzetu ana "make a call", "iron", "take a picture" na "brush", na kila moja lina kitenzi chake. Tunasikia kelele, tunasikia baridi na tunasikia harufu. Kwake ni "hear", "feel" na "smell". Mkono wetu mmoja ni "arm" na "hand", mguu wetu ni "leg" na "foot", na kidole cha mkononi si neno moja na cha mguuni. Mbele ya daktari jambo hili si dogo, kwani ukisema "hand" atakukagua kiganja ilhali kinachouma ni kiwiko. Hata maneno tuliyoyachukua kwao yanatugeuka: "presha" tumeifanya ugonjwa, lakini ukimwambia muuguzi "I have pressure" huenda akadhani kazi zimekuelemea, kwa hiyo sema "high blood pressure" bila kuifupisha. Na usisahau saa. Saa mbili ya asubuhi ni "eight", na ahadi nyingi zimeharibika kwa tofauti hiyo ya saa sita.

Kuhusu kusahau, usijilaumu. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuonyesha, katika kitabu cha mwaka 1885, kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Ndiyo maana kulirudia neno kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kunafaa kuliko kulirudia mara 20 usiku mmoja.

Nikirudi kwenye masikio: Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, na tunadhani kila lugha ina fadhila hiyo. Neno "comfortable" umelisoma ukihesabu silabi nne, lakini wengi wao hulitamka kitu kama "kamftabo", na "What are you going to do?" hukufikia ikiwa "wachagonadu". Kwa hiyo chini ya kila sentensi andika pia ulivyoisikia, kwa herufi zetu, hata kama mwalimu wako wa zamani angechukia.

Na pale usipoelewa, usitabasamu. Sema "Sorry, what was that?", nao watarudia bila kukasirika. Ukikosa jina la kitu, kizungushe: nilipohitaji kifaa cha kutobolea karatasi niliuliza "What do you call the thing that makes holes in paper?", nikaambiwa "hole punch", na neno hilo sijalisahau hadi leo, kwa sababu nililipata siku niliyokuwa nalihitaji.

*

Ndugu zangu,

Nakubaliana na kaka hapo juu, isipokuwa kuhusu kuitupa orodha. Ibaki, ila maneno 200 ya mwanzo yapitie upya, ukijiuliza kila neno hutembea na maneno gani. Naongeza pia neno "kuazima", ambalo kwetu humhusu anayetoa na anayepokea; kwa Kiingereza anayetoa ni "lend" na anayepokea ni "borrow", na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nawaambia watu "Borrow me a pen". Halafu fuata matumizi ya nchi uliyopo, maana "first floor" nchini Marekani kwa kawaida ni ghorofa ya chini kabisa, na Uingereza ni ile iliyo juu yake. Nimeshamsubiri mtu nusu saa kwenye ghorofa isiyo yake.

*

Asanteni sana.

Leo nimeandika sentensi zangu tatu za kwanza. Mbili nimezielewa, lakini ya tatu imenishinda. Nilikuwa nazungumza na mwenzangu mezani kwangu, akasema "Anyway, I'll let you get on", kisha akaondoka. Kamusi inasema "get on" ni kupanda basi. Je, alidhani nina safari?

*

Dada yangu, alikuwa anaaga. Alisema anakuacha uendelee na kazi yako, na kwa adabu yao ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Iandike pamoja na lile "Anyway" la mwanzo, kwa sababu hilo ndilo litakalokujulisha kwamba mtu amekwisha kusimama.