Kadi ya Wi-Fi ya laptopu: AX200, AX210 au adapta ya USB?

Mgungu_wa_Gungu: Wakuu, habari za jioni. Nina HP ya mtumba niliyoinunua hapa Mwanga, ndani ina kadi ya Realtek RTL8723BE. Ruta ipo sebuleni, mimi nalala chumba cha nyuma, katikati kuna kuta mbili za tofali za kuchoma. Simu nikiwa kitandani inashika vizuri, laptopu kamstari kamoja, video inazunguka tu. Nimetajiwa Intel AX200, AX210 na adapta ya USB. Ipi inafaa? Nina mtu Kariakoo wa kuninunulia, ila mzigo ukishafika Kigoma kuurudisha ni shughuli.

Fundi_Katubuka: Mkuu, ugonjwa wa hiyo Realtek ni wa kuzaliwa. Inasoma masafa ya 2.4 GHz peke yake, tena kwa mkondo mmoja wa data. Hata uiweke juu ya ruta, kikomo chake cha kwenye karatasi ni megabiti 150 kwa sekunde. AX200 ina mikondo miwili, inasoma 2.4 na 5 GHz, ni Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha Wi-Fi. AX210 ni kama hiyohiyo, imeongezewa 6 GHz. Sasa hapa mjini ruta ya 6 GHz utaikuta kwa nani? Chukua AX200. Hakikisha tu una Windows 10 au 11 ya biti 64, Windows 7 isahau.

Reli_ya_Kati: Naandika kutoka Tabora, na kidonda bado kibichi. Mtu asikuuzie AX201 au AX211 kwa kuwa namba imezidi kidogo. Zile ni nusu kadi, nusu nyingine imo kwenye chipu za Intel za mashine yenyewe, na si kila Intel inayo. Laptopu yangu ni ya prosesa ya AMD, si Intel. Kadi iliingia kwenye tundu vizuri kabisa, parafujo ikakaza, nikawasha… kimya. Mwambie mtu wako asome namba iliyo juu ya kadi, asisikilize ya muuzaji.

Mama_Kibirizi: Mnampeleka mtu Kariakoo kabla ya kumuuliza ruta yake. Mwanangu, ingia kwenye mipangilio ya ruta uangalie kama ina 5 GHz. Ruta nyingi za laini tulizonazo majumbani zina 2.4 tu. Tena hata ukiwa nayo, 5 GHz ina kasi lakini ukuta unaichosha mapema kuliko 2.4. Kuta mbili hizo za tofali usizichukulie mzaha. Na bando likiwa linatambaa lenyewe, kadi hailiamshi.

Ujiji_Mwisho: Nyongeza kwa wenye mashine za zamani. ThinkPad X230 yangu ilikataa kadi mpya, inawaka inaleta kosa 1802 na kugoma hapohapo. BIOS yake, ile programu ya kuwashia mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali. Baadhi ya HP za zamani nazo zina tabia hiyo. Tafuta modeli yako kabla hujatoa hela.

Mgungu_wa_Gungu: Nimefungua mfuniko wa chini kwa bisibisi. Kadi ni ile fupi ya tundu la M.2, ila waya wa antena ni mmoja tu! Wa pili nimeutafuta kama sindano, haupo.

Fundi_Katubuka: Basi kiwandani waliokoa shilingi. AX200 itafanya kazi kwa waya mmoja, lakini kila mkondo unataka antena yake, kwa hiyo wa pili utakuwa umeulipia bure. Kuna antena za kubandika, unaipitisha pembeni ya kioo, ila lazima ufungue fremu ya skrini, na plastiki za HP hizo huvunjika ukiziangalia vibaya.

Mama_Kibirizi: Aazime adapta ya USB kwanza. Isiwe ile ya ukubwa wa kucha, antena yake ni ndogo kama ile unayoikimbia. Atafute yenye antena ya nje, aiunge kwa waya wa kuongezea.

Mgungu_wa_Gungu: Mrejesho. Jirani ameniazima yenye antena ya nje, nimeiunga kwa waya wa mita moja na kuining'iniza kwenye msumari wa chandarua, usawa wa mlango. Video inakwenda bila kukata. Ruta nimeikagua: 2.4 tu, Mama alisema. Mtu wa Kariakoo nimemwambia asitishe. Fundi usininunie.

Fundi_Katubuka: Sinuni, siku ukibadili ruta utanitafuta mwenyewe. Ila diski ya nje ya USB 3 usiichomeke tundu la pembeni yake, zile zinavuruga mawimbi ya 2.4 GHz. Utakuja hapa kulalamika Wi-Fi inakufa kila ukihamisha muvi.

Mgungu_wa_Gungu: Kumbe! Jana usiku ilikuwa hivyohivyo, nikamlaumu jirani.