Wakuu msaada: IGP, Mondioring au kazi ya pua, mbwa wangu aanze na ipi?

MwanaSimba
Wakuu habari zenu. Nina mbwa ana nguvu balaa, nimeshamfundisha kukaa, kulala, kuja akiitwa na kutembea pembeni bila kuvuta kamba. Sasa nataka tuingie kwenye michezo ya mbwa wa kazi, siyo kurushiana mpira uani kila siku. Kuna vikundi vitatu naweza kuvifikia, kimoja wanafanya IGP, kingine Mondioring, cha tatu ni pua tu, mbwa anatafuta harufu iliyofichwa kwenye maboksi na magari. Jumapili natakiwa nitoe jibu na siwezi kulipia viwili. Mliopita huko, ipi inampima mbwa kweli kweli?

Mzee_Nyayo
Karibu kijana, ila umetuacha gizani. Mbwa wa aina gani? Ana umri gani? Nyonga zimepigwa picha ya eksirei? Akisikia mlio mkubwa anafanyaje? Na wewe una siku ngapi kwa wiki? Bila hayo kila mtu hapa atakwambia mchezo anaoupenda yeye.

fundi_wa_mkono
Shikamoo mzee. Mimi hata kabla hajajibu nasema IGP. Ndiyo peke yake kati ya hizo tatu inayompima mbwa mzima. A kufuata nyayo, B utii, C ulinzi, kila kipengele pointi 100, jumla 300, na ukipata chini ya 70 kwenye kimoja umefeli hata kama vingine umejaza. Ilianza Ujerumani kama mtihani wa kuchagua jemani shepadi wa kuzalishwa, ikiitwa Schutzhund, baadaye IPO, na tangu 2019 ndo IGP. Mbwa wa ngazi ya 3 anainamisha pua hatua 600 kwenye nyayo za mtu asiyemjua zilizokaa saa nzima, anapita kona nne, na kila akikuta kitu kilichoangushwa analala mbele yake, wewe uko mita 10 nyuma umeshika kamba tu huwezi kumsaidia kitu. Halafu mbwa huyohuyo anamkabili mtu anayemjia mbio na fimbo, na akiambiwa achia anaachia. Huyo ana kichwa.

Naima_K
Kaka fundi nakuheshimu ila IGP ni ramani ileile kila mashindano. Vile vibanda sita vya kumtafutia mchokozi, yaani mtu anayejifanya adui, mbwa anajua viko wapi kabla hajaingia uwanjani, amekariri. Mondioring uwanja unabadilika kila mara, leo kuna mapipa, kesho pazia la chupa za plastiki analazimika kulipita ndo amfikie mchokozi, na mchokozi amevaa suti mwili mzima kwa hiyo mbwa anachagua mwenyewe ashike mguu au mkono, hakuna ule mkono mmoja wa kinga wa IGP wa kuukodolea macho. Chakula kinatupwa njiani hagusi. Analinda kikapu mwenyewe humuoni ulipo. Hapo unapima mbwa anayefikiri.

fundi_wa_mkono
Anafikiri sawa, lakini nyayo ziko wapi kwenye Mondioring? Hamna. Umemuacha mbwa bila pua.

Naima_K
Na nyie mmemuacha bila mazingira. Mtoe mbwa wa IGP kwenye majani yaliyokatwa vizuri muweke kwenye sakafu inayoteleza tuone.

MwanaSimba
Samahani mzee, ni malinwa (Belgian Malinois) jike, miezi 14. Nyonga bado hazijapigwa picha. Wazazi wake siwajui, nilimchukua kwa mtu aliyekuwa anahama. Muda ninao siku tatu kwa wiki. Kuhusu milio, mwezi uliopita radi ilipiga karibu akaingia chini ya meza, alitoka jioni. Ila siku zingine geti likigongwa kwa nguvu anakuwa wa kwanza kwenda.

Mzee_Nyayo
Hapo chini ya meza ndipo penye jibu lako, na ungeanza napo. Kwenye IGP kipengele B hupigwa bastola ya mlio mbwa akiwa anatembea bila kamba, na hupigwa tena akiwa amelala mwenyewe uwanjani. Mbwa mwenye hofu ya mlio anaondolewa, hata awe na utii wa dhahabu. Mondioring nayo ina milio. Radi siyo bastola, radi ina mtetemo na hewa inabadilika, kuna mbwa wanaogopa radi na bastola hawaijali. Kwa hiyo usimhukumu bado, mpime. Mtu asimame mbali, mita 100 na zaidi, mbwa akiwa kwenye mchezo anaoupenda, mlio mmoja tu, tazama masikio na mkia. Akigeuza kichwa akarudi kwenye mchezo, sawa. Akikataa hata chakula, acha hapohapo na usirudie siku hiyo. Tena miezi 14 hata BH, ule mtihani wa mwanzo wa utii na tabia, hawezi kufanya, BH ni miezi 15, na bila BH huingii IGP 1. Haraka ya nini?

Tumaini77
Mdogo wangu nisikilize mimi kabla hujalipa popote. Nilikuwa na dume malinwa, miezi 11, mbwa ninayempenda kuliko ninavyoweza kuandika. Kwenye kikundi chetu mchokozi alikuwa kijana mwenye nguvu, anajua kazi lakini anapenda kuonekana, akaona mbwa anashika kitambaa vizuri akasema leo tumpe mkono mgumu. Nikakubali. Alimjia uso kwa uso akipiga kelele, fimbo inalia kwenye ile suruali ya ngozi, akamsukuma na hakumpa hata mara moja nafasi ya kushinda, na mbwa mdogo kama huyo akishika unatakiwa umuachie ule mkono aondoke nao kifua mbele, ndo anajenga moyo. Yeye akaendelea kumkandamiza. Nikaona meno ya mbele tu ndiyo yameshika, masikio yamelala, akaachia, akaja nyuma ya miguu yangu mkia umeingia tumboni, nikawa nausikia moyo wake unagonga kwenye goti langu. Yule akasema mrudishe, usimruhusu akimbie. Na mimi nikamrudisha. Hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu yule alikuwa mbwa wangu siyo wake, na kamba nilikuwa nimeishika mimi. Miezi minane baada ya hapo akiona mtu amevaa suruali ya namna ile anatoka mate na kugeuza kichwa. Aliyemrudisha ni pua. Nilianza kwa kuficha kipande cha pamba chenye mafuta ya karafuu kwenye boksi moja kati ya sita, hakuna mtu wa kumtisha, hakuna kelele, yeye na harufu tu. Siku alipoganda kwenye boksi la nne, pua imetulia palepale, mwili haujongei, akageuza macho tu kunitazama kama ananiambia ni hapa, nililia.

Naima_K
Pole sana dada Tumaini. Hii inauma.

fundi_wa_mkono
Pole dada. Ila tuseme ukweli, hilo ni kosa la mtu, mchezo hauna kosa. Mchokozi mzuri anamsoma mbwa, anajua lini aongeze na lini arudi nyuma.

Tumaini77
Ndiyo, na mtu mgeni atamtambuaje mchokozi mzuri? Mimi sikumtambua. MwanaSimba, nenda bila mbwa mara mbili, kaa pembeni, tazama mbwa wanaondoka uwanjani wakiwaje. Usitazame wanavyong'ata, tazama wanavyoondoka.

Bonde_la_Kondoo
Jamani mnasahau mchezo mkongwe. Mashindano ya mbwa wa kuchunga yalifanyika Bala, Wales, mwaka 1873, kabla ya hayo yote. Mbwa yuko mbali na wewe anasikia filimbi tu na kondoo wana akili zao, hapo hakuna kukariri.

Mzee_Nyayo
Ndugu, malinwa wa mtu huyu unampeleka kwa kondoo?

Bonde_la_Kondoo
Malinwa naye asili yake ni mbwa wa kuchunga wa Ubelgiji mzee wangu. Nasema tu.

askari_mstaafu_9
Kwa hao wa kung'ata wote, mbwa wa michezo nyumbani hakulindi. Mwizi hana mkono wa jute.

fundi_wa_mkono
Hili limejibiwa mara mia humu. Ukimfundisha mkono peke yake atautafuta mkono. Ukimfundisha na suti na kinga iliyofichwa chini ya nguo, anamtazama mtu.

askari_mstaafu_9
Basi aende KNPV, chama cha mbwa wa polisi cha Uholanzi, tangu 1907 wanatengeneza mbwa wanaoingia polisi, hata chotara wanakubaliwa. Hiyo ndiyo kazi.

Naima_K
Kauliza vikundi vitatu anavyovifikia, wewe unamtajia cha nne asichokifikia.

MwanaSimba
Asanteni wote. Dada Tumaini nimesoma mara tatu. Swali, hii ya pua siyo rahisi mno kwa malinwa? Nguvu yake itaenda wapi?

Tumaini77
Rahisi? Subiri ufiche harufu kwenye gari siku ya upepo. Umeiweka tairi la mbele kushoto, harufu inapita chini ya gari inakwenda kujikusanya mlango wa nyuma kulia, na mbwa lazima aikatae pale palipo na harufu nyingi, arudi nyuma mpaka ilikotokea. Dakika kumi za hiyo analala mchana kutwa. Na ugumu mkubwa uko kwako, unatakiwa usimame usimwambie kitu, hata kwa bega.

fundi_wa_mkono
Hapo namuunga mkono. Akianza na pua, akija IGP kipengele A hatakuwa mgeni.

Mzee_Nyayo
Hapana fundi, usichanganye. Huku anainua kichwa kuitafuta harufu hewani, kule kwenye nyayo tunataka pua chini hatua kwa hatua. Nimeona mbwa akikata kona zote kwa sababu ya mazoea hayo.

fundi_wa_mkono
Mzee mbona wangu anafanya vyote viwili, kamba ya kifuani kwa nyayo, kola kwa maboksi, anajua tofauti.

Mzee_Nyayo
Wako ana miaka mingapi kwenye hiyo kazi?

MwanaSimba
Jumamosi naenda kuwatazama wa pua bila mbwa, na jioni wa IGP. Dada Tumaini, pamba unaifungia kwenye nini asiilambe?

Tumaini77
Kikopo kidogo cha bati chenye matundu. Usiishike kwa mkono mtupu, atatafuta harufu ya vidole vyako.