Naomba ushauri: hoteli ya kifahari ya ufukweni Unguja, kaskazini au mashariki?

Ndugu wanajamvi, mimi na mke wangu tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na Desemba tutatimiza miaka 10 ya ndoa, hivyo nimekuwa nikidunduliza fedha ili tulale siku tatu katika hoteli ya kifahari kule Unguja. Safari ya boti ya takriban saa mbili hainisumbui. Kinachonisumbua ni kuchagua upande. Mwaka juzi tulifikia Paje, upande wa mashariki, maji yakapwa hata bahari ikabaki mstari wa buluu kwa mbali, na mwenzangu, aliyekwisha kuvaa nguo za kuogelea, akaishia kuwatazama akina mama wakivuna mwani huku akinitupia jicho.

Nafahamu kwamba Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, maji hayakimbii kiasi hicho, ila bei za huko zinatisha, na tukisubiri Aprili ziporomoke tutakutana na masika. Je, kwa sisi tusiokunywa pombe, kuna faida kulipia chakula na vinywaji vyote, au tuchukue chumba na kifungua kinywa tu? Na punguzo la wakazi huombwa kabla ya kulipa, au mtu huonyesha kitambulisho akifika mapokezi?