Tabaini yangu ndogo ya mvuke inalia kisha inakufa: beringi za wazi au za kufunikwa?

MvukeMvita: Salaam aleikum wana jukwaa. Naomba ushauri wa haraka, nina siku nne tu. Nimeunda tabaini ya mvuke ya kukaa mezani, yaani gurudumu la mabapa linalozungushwa na mvuke. Gurudumu ni la shaba njano, upana milimita 50, mabapa 24 niliyoyakata kwa msumeno wa chuma moja moja, usiku nikitoka kazini. Mhimili ni spoku ya pikipiki, beringi nimezitoa kwenye feni ya kompyuta. Ikianza hupiga mluzi, hupanda hadi ikalia kama mbu sikioni, taa niliyoifunga ikawaka vizuri. Baada ya sekunde arobaini hivi inatema maji, inanguruma, inakufa. Swali langu ni moja: ninunue beringi za wazi au zile zilizofunikwa kwa mpira?

KijanaWaMajengo: Ami, taa inawaka kweli? Tuvutie waya huku, stima imepotea tangu magharibi. Stima ya stima, kama enzi za babu.

Baharia_Mstaafu: Kijana, beringi hazina kosa. Kinachotema maji ni mvuke mbichi. Ukitoka kwenye boila upitishe tena motoni ndani ya bomba la kuzungusha, ukauke, ndipo uingie nozelini, kile kitundu kinachoupuliza kwenye mabapa. Tone la maji kwa kasi ile hulipiga bapa kama changarawe. Mimi nimekula chumvi chumba cha injini. Mvuke mkavu wa presha kubwa hauonekani kwa macho, kwa hiyo tulikuwa tukitafuta uvujaji kwa mpini wa ufagio, unatembea umeutanguliza mbele kama kipofu. Mpini ukikatika, hapo hapo simama. Parsons mwenyewe, yule mhandisi aliyeunda tabaini yake 1884, alionekana mwehu, hadi 1897 alipoipenyeza meli yake ya tabaini, Turbinia, katikati ya manowari za Uingereza na boti za doria zikashindwa kuikamata. Tulikuwa na chifu mmoja wa injini, Mgiriki, akipenda sana kahawa...

MamaSwabra_Kisauni: Na mkeo yuko wapi usiku wote huo ukikata mabapa? Wanaume wa mji huu! Wangu alinunua mashine ya kutotolesha mayai, hadi leo imekaa uvunguni, kifaranga sijamwona.

MvukeMvita: Dada, mke wangu ndiye anayenishikia tochi. Shikamoo mzee Baharia, bomba la kukausha nitaweka. Lakini beringi jamani.

FunditFriji: Kabla ya beringi, hiyo boila umeiunda kwa kitu gani na valvu ya usalama inafungukia presha ya pauni ngapi?

MvukeMvita: Boila iko sawa, imeshafanya kazi mara sita.

FunditFriji: Sikuuliza imefanya kazi mara ngapi.

MvukeMvita: Bomba la shaba nyekundu, inchi nne, nimepata kwenye vyuma vikuukuu Changamwe. Nimeziba chini na juu kwa bamba nikalehemu. Kwa ile lehemu ya redio. Naiendesha pauni 60 tu.

FunditFriji: Na valvu?

MvukeMvita: Ilikuwepo, ya sufuria ya presha. Ilikuwa ikipuliza kabla tabaini haijachanganya, nikapoteza mvuke wote. Nimeweka bolti kwa muda. Nakaa nikitazama geji mwenyewe, siondoki. Jumamosi ni siku ya wazazi shuleni kwa mpwa wangu, nimeshaahidi, mwalimu ameshawaambia watoto, darasa zima. Siwezi kurudi nyuma sasa.

Baharia_Mstaafu: Yarabi toba.

FunditFriji: Kaka, kwa pauni 60 maji ndani yako kwenye nyuzi 150 na kitu. Lehemu ya redio huyeyuka nyuzi 183, na hulegea kabla ya hapo. Maji yakishuka ndani, ule mshono wa juu unaota moto peke yake. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke nje ni lita zaidi ya 1,600, na wewe umepiga bolti mlango wa dharura. Mishono ya boila huchomwa kwa fimbo za fedha, hizi zetu za friji, zinataka zaidi ya nyuzi 600. Halafu unaijaza maji baridi pomoni, hewa yote itoke, unaisukuma kwa pampu mara mbili ya presha yako. Ikipasuka kwa maji baridi utalowa suruali tu.

MvukeMvita: Mara sita haijafanya kitu lakini.

ShakaTupu: Mnachezewa. Akaunti ya juzi, picha hakuna. Milimita 50 kwa mizunguko 30,000 kwa dakika ukingo unakimbia karibu mita 80 kwa sekunde. Gurudumu la msumeno wa mkono lingetetemeka likavunja meza. Mara mke ameshika tochi, mara darasa zima. Huyu anaandika tamthilia ya redio.

KijanaWaMajengo: Hata mimi nilishtuka pale mke aliposhika tochi 😂

MamaSwabra_Kisauni: Kama ni uongo basi ni uongo wa mtu asiye na kazi. Kama ni kweli, Mungu awalinde hao watoto.

MvukeMvita: Nani kasema 30,000, mimi sina hata cha kupimia. Kusawazisha: nilisimamisha nyembe mbili mpya sambamba juu ya kioo cha dirisha, nikalaza mhimili juu yake. Upande mzito huzunguka wenyewe ukaja chini. Naweka alama kwa wanja, natoboa kidogo, narudia. Jioni tatu. Sasa hivi ukiliweka linakaa popote. Tamthilia gani hiyo?

Baharia_Mstaafu: Hapo hasemi uongo. Na spoku inasaidia. De Laval, yule Mswidi naye wa tabaini, alitumia mhimili mwembamba makusudi, ukishapita kasi fulani unajisawazisha wenyewe. Ya kwake ilifika hizo 30,000.

ShakaTupu: Picha.

MvukeMvita: Nimerudi. Nimeazima pampu ya fundi bomba, ile ya kupimia paipu. Nimejaza maji, nimefungia uani, watoto ndani. Pauni 70 kimya. Pauni 80 mshono wa chini ukaanza kutoa jasho, nikadhani ni maji niliyomwaga. 90 bamba la chini limefura kama chapati, kisha tii, lehemu imebanduka urefu wa kidole. Sandarusi ya jirani imelowa. Mke wangu hajasema neno, ameizima tochi akaingia ndani.

FunditFriji: Alhamdulillahi. Njoo na shaba yako, fimbo ninazo. Jumamosi endesha kwa hewa, azima kompresa ya mtu wa panchari, tabaini haijui tofauti.

MvukeMvita: Hewa haitoi moshi, watoto watasema ni feni. Lakini sawa, nimeongea na wa panchari hapa Makupa, anataka mia tano na yeye mwenyewe awepo. Kwa hiyo sasa kwa hewa, beringi za wazi au za kufunikwa?

ShakaTupu: Picha kwanza.